Kinachobaki Kasibani: Moshi, Ukoko na Shabaha ya Risasi za Zamani Ufipa

Kiswahili kilipolipokea neno risasi kutoka Kiarabu, kililipokea likiwa jina la madini: yale mazito, laini, ya kijivu, yanayoyeyuka hata kwenye jiko la mkaa. Baadaye likawa pia jina la kile kinachoruka kutoka kwenye bunduki. Leo polisi akisema amekamata risasi kumi, ana maana ya kitu kizima chenye ganda, fataki, baruti na kichwa. Maana zote tatu bado zimo ndani ya neno moja, ingawa vichwa vingi vinavyotoka viwandani siku hizi vimevikwa koti la shaba na risasi yenyewe imefichwa ndani.

Zipo silaha zinazopiga risasi iliyo risasi kweli, tupu, bila koti. Ni magobore ya kushindilia kwa mdeki, bunduki za karne ya kumi na tisa, na bastola za silinda walizobeba maofisa wa Kiingereza. Anayezitunza, awe mwenye leseni, fundi wa silaha au mhifadhi wa makumbusho, hukutana na malalamiko matatu yasiyokwisha. La kwanza ni moshi. La pili ni utando wa risasi unaoganda ndani ya kasiba, nao nitauita ukoko, kwa kuwa tabia yake ni ile ile ya ukoko wa wali: hushika pale moto ulipozidi na mafuta yalipopungua. La tatu ni shabaha mbovu.

Watu wengi huyashughulikia malalamiko haya moja moja. Kwa moshi hulaumiwa baruti, kwa ukoko hulaumiwa ulaini wa risasi, na kwa shabaha hulaumiwa mkono wa mpigaji. Nimeshawishika kwamba mara nyingi yote matatu ni ugonjwa mmoja: kichwa cha risasi hakikuenea kwenye kasiba yake. Dawa inayotangulizwa na wengi, yaani kuongeza nguvu, ndiyo inayozidisha ugonjwa. Kipimo hutangulia nguvu. Na kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote, kwani ni kusoma kile kilichobaki baada ya mlio.

Vizazi vitatu vya silaha

Nyanda za juu za Ufipa zimeinuka kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, chini ya milima ya Mbizi, na asubuhi ya Juni baridi yake haina mzaha. Ukishuka bondeni Rukwa unafika kwenye mita 800 hivi, kwenye joto la kutoa jasho usiku. Tofauti hiyo ina uzito katika habari hii, na nitairudia.

Wafipa hawakungoja bunduki ili wawe mafundi wa moto. Tanuri zao za kuyeyushia mawe ya chuma, malungu, zilisimama kwa kimo cha mita tatu hivi, zikivuta hewa zenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini, bila mtu wa kuvukuta. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kimechanganyika na takataka, kwa hiyo kilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, kikasafishwa kwa moto wa pili. Kazi hiyo ilielezwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, na wanaakiolojia, akiwemo Bertram Mapunda wa Tanzania, wameichunguza kwa miaka mingi. Baadhi ya malungu yangali yamesimama vichakani hadi leo.

Bunduki zilifika na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza mjini Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 za kila namna zilikuwa zikiingia upande huu wa Afrika kila mwaka. Nyingi zilikuwa bunduki zilizopitwa na wakati Ulaya, zikatafutiwa soko jipya. Kisha ukaja Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliozuia silaha za kisasa kuingizwa katika eneo lote lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Ufipa yote imo humo. Mkataba uliacha mwanya kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya kasiba, na kwa baruti ya kawaida. Hivyo gobore halikudumu huku kwa sababu watu walipenda vya kale. Mkataba uliotiwa sahihi mbali sana na Ufipa ndio uliosema wapewe vya kale tu.

Kizazi cha pili kilikuja na Wajerumani, waliojenga boma Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, ufukweni mwa Tanganyika. Askari wa jeshi lao la kikoloni walibeba kwa wingi bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, yenye kichwa cha risasi tupu cha gramu 25 kilichofungwa karatasi na kusukumwa na baruti nyeusi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, kombania nyingi zilikuwa bado na bunduki hiyo. Kila mlio ulipandisha wingu jeupe lililomwonyesha adui mahali askari alipolala. Kwa Afrika Mashariki, vita hiyo ilimalizikia jirani na Ufipa, Abercorn, yaani Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Bunduki ambazo kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alizikabidhi siku hiyo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno, zilizotekwa njiani.

Kizazi cha tatu ni bastola za Waingereza waliotawala Tanganyika baada ya hapo: Webley ya .455, ambayo toleo lake la sita lilipitishwa jeshini mwaka 1915, kisha Enfield ya .38 iliyoifuata mwaka 1932. Zote mbili zilianza maisha zikipiga risasi tupu. Tuzichunguze kwa utaratibu wa mganga: kwanza dalili, ndipo ugonjwa.

Moshi husema nini

Moshi si wa aina moja, na kosa la kwanza ni kuuhesabu wote kuwa kasoro.

Moshi wa gobore na wa Mauser ya 1871 hauna dawa. Baruti nyeusi hutengenezwa kwa shura, mkaa na kiberiti, na ikiungua zaidi ya nusu ya uzito wake hugeuka chembe ngumu badala ya gesi. Chembe hizo ndizo wingu jeupe unaloliona, na ndizo masizi yanayobaki kasibani. Mfaransa Paul Vieille alipotengeneza baruti isiyo na moshi mwaka 1884, alibadili kanuni za vita kwa sababu baruti yake iligeuka karibu yote kuwa gesi. Mwenye gobore hawezi kuufuta moshi. Anachoweza ni kujua kwamba masizi yale yanavuta unyevu. Majira ya mvua Ufipa, kuanzia Novemba hadi Aprili, kasiba iliyoachwa usiku mmoja bila kuoshwa huamka na kutu. Maji ya moto ndiyo huyayeyusha masizi hayo. Mafuta huja baadaye, kasiba ikiwa kavu, kwa sababu mafuta yakitangulia huyafunika masizi na kuyalinda.

Moshi wa pili ni wa bastola yenye baruti isiyo na moshi lakini kichwa cha risasi tupu. Mwenye silaha hushangaa: baruti ya kisasa, mbona inafuka? Mara nyingi kinachofuka ni mafuta. Kichwa cha risasi tupu huchongwa vijifereji pembeni, vikajazwa nta au shahamu ya kulainisha safari yake kasibani. Moto huunguza sehemu ya mafuta hayo na kuacha moshi mwepesi wa bluu au kijivu. Ukiwa kidogo, ni ishara kwamba mafuta yapo na yanafanya kazi.

Wa tatu ndio wa kuogopwa. Moshi ukitoka mwingi kwenye mwanya ulio kati ya silinda na kasiba, pamoja na chembe za baruti zisizoungua na mlio dhaifu, maana yake gesi imepita pembeni ya kichwa badala ya kukaa nyuma yake na kusukuma. Huenda kichwa ni chembamba kuliko njia yake, huenda mdomo wa ganda umelegea, au baruti imezeeka. Mlio ukiwa mdogo kuliko ilivyo kawaida, kazi isimame hapo hapo. Inawezekana kichwa hakikutoka, kimekwama kasibani, na risasi inayofuata itaipasua silaha mkononi mwa mpigaji. Hakuna shabaha duniani inayolingana na thamani ya kusimama na kuichungulia kasiba tupu.

Upo pia moshi unaoonekana kabla ya kupiga. Baruti isiyo na moshi inapooza hutoa hewa ya rangi ya kahawia yenye ukali wa asidi puani, na ganda huota ukijani. Risasi ya namna hiyo haijaribiwi. Hukabidhiwa polisi.

Ukoko na mahali unapokaa

Imani iliyoenea ni kwamba ukoko hutokana na risasi kuyeyuka kwa msuguano. Imani hiyo inaeleweka, maana risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu. Lakini kichwa cha bastola hukaa kasibani kwa muda usiofika hata kupepesa jicho, na msuguano peke yake hauna nafasi ya kukiyeyusha. Mkosaji mkubwa ni gesi. Kichwa kikiwa chembamba kuliko kasiba, hata kwa unene wa unywele, gesi moto hupenya ubavuni mwake na kuukata, kama maji yanavyokata ukingo wa mfereji uliochimbwa vibaya. Vumbi la risasi lililokatwa hupakwa ukutani mwa kasiba, kichwa kinachofuata hupita juu yake na kuligandamiza, na mlio wa tatu au wa nne ukifika, ukoko umeshika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta hujengwa kasibani.

Mahali ukoko ulipo husema chanzo chake. Ukikaa mwanzoni mwa kasiba, karibu na silinda, tatizo ni kipimo: kichwa ni chembamba, au chumba cha silinda hakikulingana na kasiba na kichwa kinanyolewa kikiingia. Silinda isiyolingana hujitambulisha kwa namna nyingine pia, kwani hutema vipande vya risasi pembeni, na aliyesimama kando ya mpigaji hujikuta na damu shavuni. Ukoko ukianza katikati na kuongezeka kuelekea mdomoni, mafuta yameishia njiani. Ukishika mahali pamoja penye mikwaruzo, kutu ilikwisha kuila kasiba na kuiacha mbaya kama jiwe la kusagia.

Kanuni ya mafundi ni kwamba kichwa cha risasi tupu kilingane na upana wa kasiba unaopimwa ndani ya mifereji yake, au kiuzidi kwa sehemu kama 0.025 ya milimita. Ni kipimo kidogo, lakini ndicho kinachotenganisha kasiba safi na kasiba chafu. Tazama bastola za Smith & Wesson zilizotengenezewa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Zilichongewa risasi ya .38 ya Kiingereza, ambayo kichwa chake kina upana wa inchi 0.361. Baada ya vita nyingi zilitobolewa upya vyumba ili zipokee .38 Special, ambayo kichwa chake ni inchi 0.358. Vyumba vilibadilishwa, kasiba haikubadilishwa. Wafanyabiashara waliziuza kama silaha za .38 Special, na wanunuzi wakalaumu mikono yao kwa kosa lililokuwa la kekee.

Webley ya .455 inafundisha somo lililo gumu zaidi. Katika nyingi kati yake, koo la chumba cha silinda ni jembamba kuliko kasiba. Kichwa hubanwa kwanza, kisha hutakiwa kutanuka tena. Waliobuni risasi yake walilijua hilo, wakafanya kichwa cha gramu 17 cha risasi laini chenye shimo kitakoni, ili gesi iingie shimoni na kukitanua kama sketi mpaka kizibe kasiba. Mtu akija na kichwa kigumu, kisicho na shimo, akidhani ugumu ndio dawa ya ukoko, gesi haiwezi kukitanua, inapita pembeni, na ukoko unaongezeka. Ugumu usioendana na kipimo ni hasara. Risasi laini inayoenea huiacha kasiba safi kuliko risasi ngumu inayolegea.

Wale waliobeba Mauser ya 1871 walikuwa na jibu jingine, karatasi. Karatasi iliyozungushwa kwenye kichwa ilizuia risasi isiguse chuma kabisa, kisha ikachanika na kudondoka mbele ya kasiba. Mwenye gobore hutumia kitambaa chenye mafuta kwa kazi hiyo hiyo. Kitambaa huziba nafasi iliyobaki kati ya goroli na ukuta, na huondoka na sehemu ya masizi.

Kuuondoa ukoko kunahitaji subira kuliko nguvu. Brashi ya shaba na nyuzi za shaba tupu zilizozungushiwa brashi ndogo hutosha, mradi ziwe shaba kweli. Sumaku itakuonyesha nyuzi za chuma zilizopakwa rangi ya shaba, nazo hukwaruza. Mambo mawili yaepukwe kabisa. La kwanza ni kupiga risasi zenye koti ili zifagie ukoko, kwa kuwa njia imekwisha kuwa nyembamba na msukumo utapanda. La pili ni zebaki. Ni kweli zebaki hula risasi, na katika ukanda wetu wenye wachimbaji wadogo wa dhahabu, Chunya kule na Mpanda huku, si kitu kigeni. Lakini kuondoa sumu moja kasibani kwa kuingiza sumu nyingine mapafuni si matengenezo.

Shabaha hupimwa, haikisiwi

Risasi ikikosa, sababu za kwanza kutajwa ni upepo, mwinuko na bahati. Nimesikia hoja kwamba silaha iliyolengwa vizuri bondeni haiwezi kulenga Sumbawanga kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Hewa nyepesi hupunguza ukinzani kweli, na kwa mpigaji wa mita 600 tofauti inaonekana. Kwa bastola ya mita 25 au gobore la mita 50, tofauti hiyo ni ndogo kuliko upana wa kidole. Mwinuko umeonewa.

Njia ya haki ni kuegemeza silaha mahali imara, katika uwanja ulioruhusiwa, na kuandika kila tundu kwenye karatasi kwa namba ya chumba kilichopiga. Bastola ya silinda ni kama bastola sita zinazotumia kasiba moja, na kila chumba kina koo lake. Karatasi yenyewe itasema. Matundu yakianza pamoja kisha yakatawanyika kadiri milio inavyoendelea, ukoko unajengeka. Yakitawanyika tangu mlio wa kwanza, kipimo hakikulingana. Tundu moja likikaa kando kila raundi, na daima ni la chumba kile kile, mkosaji amepatikana. Tundu likiwa refu, kana kwamba kichwa kimepita ubavu, basi hakikuzungushwa. Mifereji imefunikwa na ukoko au kichwa hakikuishika. Na matundu yakiwa pamoja lakini mbali na alama, risasi haina kosa. Bastola za zamani zililengwa kiwandani kwa uzito mmoja wa kichwa. Kichwa kizito huenda polepole, hukaa kasibani mkono ukiwa unainuka, kwa hiyo hupiga juu. Kichwa chepesi hupiga chini.

Gobore lina hesabu yake. Kasiba yake haina mifereji, na goroli huzunguka lipendavyo kutegemea ukuta ulioligusa mwisho. Mwingereza Benjamin Robins aliyaeleza hayo mwaka 1742, na ili kuthibitisha alipinda kasiba upande wa kushoto, goroli likaanza kushoto kisha likajikunja hewani kwenda kulia. Kwa hiyo mwenye gobore anayekosa nyani wa mahindi kwenye mita 80 hana sababu ya kujilaumu wala kuilaumu baruti. Ameliomba gobore jambo lisilo katika uwezo wake. Na hapa ndipo hatari kubwa huzaliwa, kwa sababu akikosa hushindilia baruti zaidi. Goroli lile lile linatoka kwa kasi zaidi, likizunguka ovyo zaidi, na kasiba inabeba mzigo ambao hakuna aliyewahi kuipima iubebe.

Umri wa risasi

Mengi yanayolaumiwa silaha ni ya uzee wa risasi yenyewe. Boksi lililokaa miaka hamsini linaonekana zima, lakini mafuta ya kichwa yamekauka na kupukutika, na kichwa kisicho na mafuta huweka ukoko hata kama kipimo chake ni sawasawa. Hapa tofauti ya bonde na nyanda inafanya kazi yake. Joto la bonde la Rukwa hulainisha nta mpaka ikateremka ndani ya ganda na kuilowesha baruti. Baridi ya Ufipa huigandisha ikapasuka. Boksi lililosafirishwa juu na chini kwa miaka limepata maradhi yote mawili.

Fataki za zamani nazo zina deni. Nyingi zilikuwa na kemikali zinazoacha chumvi kasibani, nayo huvuta maji hewani kama chumvi ya jikoni. Mafuta hayaiyeyushi, maji ya moto huiyeyusha. Wengi walidhani baruti isiyo na moshi inaleta kutu, kumbe ilikuwa fataki.

Historia yetu ina mfano wake mkubwa. Mwaka 1915 meli ya Kijerumani Rubens ilifika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikiwa na bunduki na risasi za jeshi la Lettow-Vorbeck. Ilishambuliwa na kuzama kwenye maji ya kina kifupi. Shehena iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, na zikaanza kugoma. Hawakuzitumia hivyo hivyo wakitumaini mema, wala hawakuzitupa. Zilifunguliwa, baruti ikasafishwa na kukaushwa, baadhi ya fataki zikabadilishwa. Lilikuwa jeshi lenye mafundi, lililozingirwa, lisilo na duka. Mtu wa leo hana dharura hiyo. Risasi ya kale yenye shaka haistahili kufunguliwa nyumbani, inastahili kukabidhiwa.

Pasipo na dawa

Uchambuzi wa kweli lazima useme pia mahali ambapo maarifa haya yanakoma. Magobore mengi yanayokamatwa nchini ni ya kienyeji. Kasiba yake haikutengenezwa kuwa kasiba, upana wake hubadilika kutoka kitako hadi mdomo, na hakuna mtaalamu aliyewahi kuijaribu. Kwa silaha ya namna hiyo hakuna kipimo cha kichwa kitakachoenea, hakuna kitambaa kitakachoziba, na ukoko wake hauna maana kwa sababu kasiba yenyewe ni ugonjwa. Namheshimu mhunzi wa Kifipa na urithi wake wa malungu, na kwa heshima hiyo hiyo nasema kwamba chuma kilichofuliwa kuwa jembe hakikuapishwa kubeba mlipuko. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni kwa kila silaha, na kutengeneza silaha au risasi bila kibali ni kosa. Serikali imekuwa ikitoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari. Kwa gobore la kienyeji, kulisalimisha ndiyo matengenezo pekee ninayoweza kuyapendekeza.

Lipo jambo la mwisho, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Ukoko unaokaa kasibani ni sehemu ndogo tu ya risasi iliyopotea. Nyingine iko katika moshi uliovutwa na mpigaji, kwa kuwa kitako cha risasi tupu huungua na fataki nyingi zina risasi ndani yake. Nyingine iko katika nyama. Kichwa laini kikigonga mfupa hutawanya chembe ndogo mno zisizosikika jinoni, mbali na jeraha linaloonekana. Nyama ikipikwa na ndimu au siki, asidi huzifungua zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto hufyonza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima kutoka kiasi kile kile alichomeza. Mwili huihifadhi risasi mifupani, pamoja na chokaa, na kuirudisha kwenye damu miaka baadaye, hata mama akiwa mjamzito.

Tai anayekula utumbo ulioachwa porini hupata sumu hiyo hiyo. Denmark ilipiga marufuku marisaa ya risasi mwaka 1996, jimbo la California likazuia risasi za madini hayo katika uwindaji wote kuanzia Julai 2019, na Umoja wa Ulaya ukayazuia marisaa ya risasi kwenye ardhi oevu mwaka 2023. Ziwa Rukwa na mbuga zake za maji ni ardhi oevu pia, na ndege wake hawana ngozi ngumu kuliko wa Ulaya. Nyumbani pia pana hatari ya karibu zaidi: kuyeyusha risasi ya betri za magari kwenye sufuria, iwe kwa goroli la gobore au kwa chubwi za kuzamisha nyavu huko Kirando na Kasanga. Risasi ya betri huja na asidi na madini mengine yenye mvuke mbaya, na sufuria ile haipaswi kurudi jikoni.

Kwa mwenye silaha halali basi, mfuatano ni huu. Asafishe kasiba mpaka ing'ae, kwa sababu hakuna kipimo cha kweli juu ya uchafu. Aipeleke kwa fundi aliyeidhinishwa, apime kasiba na koo la kila chumba. Atafute risasi inayolingana na vipimo hivyo, si inayopatikana karibu. Apige chache, aandike, achungulie kasiba, asome ukoko ulipokaa. Abadili jambo moja kwa wakati mmoja. Nguvu ya baruti iwe ya mwisho kuguswa, na mara nyingi haitafikiwa zamu yake. Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na nguo za kazi hiyo zisifuliwe pamoja na za watoto.

Karibu na malungu ya Ufipa kuna vilima vya mavi ya chuma, mabaki ya moto uliozimika zamani. Wanaakiolojia huyachukua mabaki hayo na kuyasoma: tanuri lilikuwa na joto kiasi gani, hewa ilipita vipi, fundi alifaulu wapi na alishindwa wapi. Fundi hayupo, mabaki yake yanaongea. Kasiba nayo hutunza kumbukumbu ya kila mlio kwa namna hiyo, na mwenye macho ataisoma leo hii kwa taa na brashi. Mfupa wa mtoto nao unaitunza. Tofauti ni kwamba huo haubrashiki.